Siku Ndogo za Oktoba na Kazi ya Vikundi Vyetu

Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, ukumbi wa parokia, wiki ya kwanza ya Oktoba



Nimepewa saa moja, na najua kuna wanaotaka kuwahi matatu ya saa nane. Kwa hivyo naingia moja kwa moja.

Nikiwauliza tarehe 20 Oktoba ni siku gani, hata mtoto wa nasari atajibu ni Mashujaa. Tunaijua. Zamani iliitwa Kenyatta Day, kwa sababu ya ile tarehe 20 Oktoba 1952 mkoloni alipotangaza hali ya hatari, na Jomo Kenyatta na wenzake wakashikwa. Sita kati yao wakapelekwa kushtakiwa Kapenguria: Kenyatta, Achieng Oneko, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba na Paul Ngei. Katiba ya 2010 ikabadilisha jina la siku ili tuwakumbuke wote waliopigania nchi hii, pamoja na akina mama kama Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kukataa utawala wa Waingereza mwaka 1913 akakamatwa na kupelekwa mbali, magharibi mwa nchi. Sherehe kubwa siku hizi inazunguka kaunti. Mwaka 2023 ilikuwa Kericho, 2024 ikawa Kwale. Na huku kwetu tunaenda uwanjani kwa chifu, wageni wanakaa kwenye hema, hotuba inasomwa, watoto wanaimba, soda zinaisha kabla hazijafika nyuma.

Sina ubaya na siku hiyo. Lakini nikiuliza tarehe 15 ni siku gani, ukumbi unanyamaza. Tarehe 16? Tarehe 17? Mnaona, mnaangaliana. Basi katika juma hilo hilo la Mashujaa, au karibu yake, kuna siku tatu zinazofuatana ambazo dunia nzima imeziweka, na zote tatu zinahusu watu waliokaa kwenye viti hivi. Hazina gwaride wala likizo. Kwa sababu hazina likizo hatuna habari nazo, lakini mimi naona zinafaa kazi yetu kuliko ile yenye hema. Tena sisemi tuziongezee hema. Nasema tuzipe kazi.

Tarehe 15 Oktoba ni Siku ya Kimataifa ya Mwanamke wa Kijijini. Wazo lilitoka kwenye ule mkutano mkubwa wa wanawake wa Beijing, China, mwaka 1995. Wazee mnaikumbuka Beijing, maana kwa miaka mingi mama akitoa maoni nyumbani aliambiwa, "Usiniletee mambo ya Beijing." (Mkutano uliotangulia huo ulifanyika hapa hapa Nairobi, 1985, lakini sijasikia mtu akikataa mambo ya Nairobi.) Waliopendekeza siku hiyo walichagua tarehe 15 makusudi, kwa sababu kesho yake ni Siku ya Chakula Duniani. Walitaka kabla dunia haijazungumza habari ya chakula, imtazame kwanza yule anayekilima. Umoja wa Mataifa uliipitisha Desemba 2007, na ikaadhimishwa mara ya kwanza 2008.

Sasa tujiulize. Katika vikundi vyenu, wengi ni akina mama. Ni wao wanaopanda, wanaopalilia, wanaovuna, na jioni wanapika. Lakini nikisema anayelima shamba lenye jina lake kwenye hati anyanyue mkono, ni mikono mingapi itapanda? Wengi wanalima shamba lenye jina la mume. Wengine la baba mkwe. Wengine ni la babu aliyekufa kabla ya Uhuru. Mambo yakiwa mema hakuna anayeuliza. Mume akifa, siku ya arobaini haijafika, unasikia shemeji anapima kwa hatua kutoka mwembeni hadi mtoni.

Nimekaa na wajane wengi katika kazi hii, na jambo linalowaangusha mara nyingi si sheria. Sheria iko. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981, inapohesabu ni nani apewe kusimamia mali ya marehemu ambaye hakuacha wosia, inaanza na mume au mke aliyebaki. Tena inasema mtu akigawa au kuuza mali ya marehemu kabla ya kupewa mamlaka na korti, amefanya kosa. Linalowaangusha ni karatasi. Cheti cha kifo hakikuchukuliwa. Hakuna cha kuonyesha kwamba walioana. Nambari ya shamba haijulikani, ati "mzee ndiye aliyejua". Na mzee amezikwa.

Kwa hivyo naomba tarehe 15 mwaka huu kila kikundi kiitumie kwa jambo moja tu: karatasi. Kila mwanachama aje na alizo nazo, na asizo nazo zijulikane. Kitambulisho, cheti cha ndoa au kiapo kinachoeleza ndoa ya kimila, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, nambari ya shamba. Kwa mjane, cheti cha kifo, barua ya chifu inayotaja warithi wote bila kuruka mtu, na karatasi ya ofisi ya ardhi inayoonyesha shamba limeandikwa kwa jina la nani. Ikiwa bado ni jina la babu, lazima kuanza na urithi wa babu kwanza, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Kesi ikifunguliwa, tangazo linatolewa kwenye gazeti rasmi la serikali, na mwenye pingamizi ana siku 30. Baadaye, kwa kawaida baada ya miezi sita, korti inathibitisha ugawaji. Ni njia ndefu, na nauli inakula. Lakini akina mama watano wakisafiri siku moja kwa shida moja, mmoja anamshika mkono mwenzake, na wale vijana wanaosimama nje ya ofisi wakiuza "msaada" wanawaogopa. Mtu asimpe mwingine karatasi ya asili. Apewe kopi. Na mkikwama, ofisi ya Haki na Amani ya jimbo iko wazi kwenu.

Wanaume mlio hapa, msinikasirikie. Baba aliye hai anaweza kuandika wosia. Hakufi kwa kuandika.

Tarehe 16 ndiyo Siku ya Chakula Duniani. Tarehe hiyo mwaka 1945, mjini Quebec, Kanada, ndipo lilipoundwa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, lile la FAO ambalo makao yake sasa yako Roma. Siku yenyewe ilikubaliwa 1979 na kuanza kuadhimishwa 1981. Katiba yetu nayo, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Hilo neno "ubora" watu hulisoma haraka haraka. Mimi nataka tusimame hapo, kwa sababu Oktoba kuna nyumba ambazo mahindi ndiyo yanaingia, na mvua ya vuli nayo inaingia.

Mwaka 2004 watu wa Makueni na Kitui, na sehemu za jirani, waliugua kwa kula mahindi yao wenyewe. Si mahindi ya wizi, si ya msaada mbovu kutoka ng'ambo. Mengi yalikuwa yamelimwa na wao, yakawekwa ndani yakiwa na unyevu, ukungu ukaingia, na ukungu ule hutoa sumu inayoitwa aflatoksini. Wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 317. Waliokufa ni 125. Macho yaligeuka manjano, tumbo likajaa maji, ini likaharibika. Wengine walidhani ni uchawi.

Sumu hiyo haina harufu, na huwezi kuiona kwa macho. Ukungu unaweza kuuona, lakini hata mahindi yanayoonekana safi yanaweza kuwa nayo. Kupika hakuiondoi. Kuosha unga hakuiondoi. Ukisema mahindi mabaya umpe ng'ombe, inapita ndani ya maziwa na inarudi kwa mtoto. Dawa yake ni moja: kukausha mapema na kuhifadhi pakavu. Msianike chini kwenye udongo. Tafuteni turubai, hata la kikundi, mkopeshane kwa zamu. Msiyapige mahindi kwa rungu hadi yavunjike, kwa sababu punje iliyopasuka ndiyo mlango wa ukungu. Gunia lisikae sakafuni wala lisiegemee ukuta. Liwekwe juu ya mbao au mawe.

Mtajuaje yamekauka? Wengi wenu mnauma kwa meno. Meno ya mzee na ya kijana hayasemi kitu kimoja. Kuna njia ya chumvi ambayo haina gharama. Chukueni chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, yenye kifuniko. Tieni mahindi hadi thuluthi moja ya chupa, halafu vijiko viwili au vitatu vidogo vya chumvi kavu. Fungeni, mtikise kwa dakika chache, kisha muiache itulie kama dakika kumi na tano. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana maji, rudisheni juani. Isiposhika, mko karibu, chini ya asilimia 15 au hivyo. Lakini kipimo salama cha kuweka ghalani ni asilimia 13.5, kwa hivyo hata chumvi isiposhika ongezeni siku moja au mbili za jua kabla ya kufunga gunia. Mwenye uwezo wa kununua mifuko isiyopitisha hewa anunue, lakini akiwekamo mahindi mabichi amejinunulia hasara. Mfuko huo haukaushi.

Tarehe 16, kila kikundi kilete chupa na chumvi, na kila mtu alete gorogoro moja ya mahindi kutoka ghalani kwake. Pimeni mbele ya wote. Itachukua asubuhi moja. Ninyi wa kule juu mliozoea kuuza mapema kwa mabroka, mtaona pia kwamba mahindi makavu yanangoja bei. Hayo ya bei afisa wa kilimo atawaeleza vizuri kuliko mimi.

Sasa nije kwenye tarehe 17, ambayo ndiyo iliyonifanya nikubali kuja.

Tarehe 17 Oktoba ni Siku ya Kimataifa ya Kutokomeza Umaskini. Wengi hudhani ni siku iliyobuniwa na wakubwa wa Umoja wa Mataifa. Sivyo. Ilianzishwa na padri pamoja na watu maskini. Padri huyo ni Joseph Wresinski. Alizaliwa 1917 mjini Angers, Ufaransa, katika familia ya wahamiaji, baba Mpolandi na mama Mhispania, na alikua akiijua njaa. Akapadirishwa 1946. Mwaka 1956 alienda kuishi Noisy-le-Grand, karibu na Paris, mahali ambapo familia zaidi ya 250 zilikuwa zimewekwa kwenye vibanda vilivyopinda kama pipa lililopasuliwa katikati, ndani ya matope. Msifikiri Ulaya haikuwa na matope.

Watu wema walikuwa wakileta supu na nguo kuukuu. Padri Wresinski hakuwakejeli, lakini aliona kwamba supu inakuja, supu inaisha, na mtu anabaki ameinamisha kichwa. Akaanzisha na wale watu maktaba, shule ya chekechea na kanisa dogo. Mwaka 1957 wakaunda chama chao, kile ambacho leo kinajulikana duniani kwa jina la ATD Fourth World. Alichoshikilia maisha yake yote ni kwamba yule aliye chini kabisa ana ujuzi ambao sisi wengine hatuna, na mpango wowote unaotungwa bila yeye utamruka. Tarehe 17 Oktoba 1987 watu zaidi ya 100,000 walikusanyika Paris, uwanja wa Trocadéro, mahali Azimio la Haki za Binadamu lilipopitishwa 1948, wakazindua jiwe la kuwakumbuka wanaoteswa na umaskini uliokithiri. Miezi minne baadaye, Februari 1988, padri akafariki. Umoja wa Mataifa uliitambua siku hiyo 1992.

Kwa nini nawaletea habari za Ufaransa? Kwa sababu ya vitabu vyenu vya wanachama.

Katika ziara zangu huomba kuona kitabu. Sitataja kikundi. Nakuta majina 32, halafu nakuta mengine tisa yamepigwa mstari, na katibu ameandika pembeni kwa mwandiko mzuri: "Alijitoa kwa hiari yake." Nikiuliza ni nani, naambiwa ah, huyo mama wa kibarua. Huyo wa yule mgonjwa. Huyo anaishi kwa watu.

Hebu tuhesabu hiyo hiari. Tuseme mchango ni shilingi 50 kwa wiki. Kukosa kuja, faini shilingi 50. Mtoto wake analazwa, anakosa wiki tatu. Mchango anaodaiwa ni 150, faini 150, jumla 300. Ikiwa anapalilia mashamba ya watu kwa shilingi 300 kwa siku, siku nzima ya jembe imekwenda, na nusu yake ni faini ya kuuguza mtoto. Wiki ya nne anaona haya, haji. Akimwona mweka hazina sokoni anapita njia ya nyuma. Wiki ya sita tunasema amejitoa.

Nawasikia wenyeviti wakinong'ona. Najua, bila faini watu watalegea na kikundi kitakufa. Nimeviona vilivyokufa hivyo. Mtu mwenye ng'ombe watatu anayechelewa kwa sababu alikuwa kwenye soga, mtozeni. Simtetei. Lakini kanuni isiyojua tofauti kati ya mzembe na aliyezidiwa inamwacha mzembe, maana yeye ana cha kulipa, na inamtoa aliyezidiwa. Tukifanya hivyo miaka mitano, kikundi kinabaki cha wale waliokuwa na nafuu tangu mwanzo. Halafu tunaandika kwa wafadhili kwamba sisi ni kikundi cha maskini.

Kuna vikundi vilivyotafuta njia. Kimoja kiliondoa faini ya pesa kwa mwenye ugonjwa au msiba nyumbani, na ukirudi unafanya kazi ya saa mbili kwenye kitalu cha kikundi. Kingine kina mchango wa aina mbili, mkubwa na mdogo. Mgao unafuata mchango, lakini kura ni moja kwa kila mtu. Hicho cha pili mimi nakipenda zaidi, kwa sababu hakimlazimu mtu kueleza shida zake mbele ya kikao kila wiki. Mwingine ataona tofauti. Jadilianeni.

Oktoba ina nyingine ndogo ndogo. Tarehe 10, ambayo zamani ilikuwa Moi Day na tangu 2024 inaitwa Mazingira Day, mnaijua kwa miche. Alhamisi ya tatu ya mwezi ni siku ya vyama vya akiba na mikopo duniani, tangu 1948. Tarehe 31 ni Siku ya Akiba, iliyoanzia Milan, Italia, 1924, na benki huitumia kugawa kofia. Chukueni kofia. Na Kanisa lina Siku ya Maskini Duniani, Jumapili moja katikati ya Novemba, ambayo Papa Fransisko aliitangaza 2016 na ikaadhimishwa mara ya kwanza 2017.

Basi kazi ya tarehe 17 ni hii. Katibu afungue kitabu cha miaka mitano iliyopita na atoe majina yaliyopigwa mstari. Kila jina liende na watu wawili, na mmoja wao asiwe kiongozi. Mwende nyumbani kwake. Msibebe unga wala sukari siku hiyo. Siku nyingine bebeni, lakini si hiyo, maana mkienda na unga atawashukuru tu na hatawaambia kitu. Msidai deni la zamani. Mweka hazina aliye na ulimi mkali abaki nyumbani. Ulizeni maswali mawili. Ni nini kilichokufanya uache? Na kikundi kingekuwaje ndipo uweze kurudi? Kisha mnyamaze. Atakachosema kiandikwe kama alivyosema, hata kama ni kumtaja mwenyekiti.

Majibu yaletwe hapa Jumamosi ya kabla ya Siku ya Maskini. Majina hayatasomwa, maneno tu. Vikundi vitakavyotaka kubadili katiba yao baada ya hapo nitakaa navyo kimoja kimoja, na afisa wa maendeleo ya jamii ameahidi kuwapo kwa mambo ya usajili. Fomu za karatasi za tarehe 15 ziko kwa katekista, moja kwa kila kikundi, mpige kopi wenyewe.

Sasa nipokee maswali. Tuanze na mama wa nyuma pale, amenyanyua mkono tangu nilipotaja faini.